Mkono wa Mzamiaji

4 Februari

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Shangazi hajambo? Na mtoto je? Mama anasema amerithi masikio yako, kwa hiyo tunamwombea akue haraka ayafikie. Sisi huku wazima. Mama anakohoa kidogo, na ukimuuliza anasema ni vumbi. Paa la jikoni linavuja palepale ulipoliacha. Tumeweka sufuria chini yake, na mvua ikinyesha tunapata muziki wa bure.

Najua ningeweza kupiga simu. Lakini wewe husema maneno ya simu huwezi kuyarudia ukiwa kitandani, na mimi kwenye simu hunyamaza hadi mtu anadhani mtandao umekatika. Kwenye karatasi huwa naongea vizuri zaidi.

Habari yenyewe ni hii: nimepata kazi. Na ni kilekile kiwanda chenu cha sanamu, chako na cha marehemu babu! Siku ya kwanza nilisimama getini muda mrefu mpaka mlinzi akaniuliza kama nimekuja kuuza kitu. Nikaonyesha karatasi yangu. Akasoma jina la ukoo, akacheka: "Wewe ni mjukuu wa yule mama wa macho?" Nikaitikia kwa kichwa. Sikujua kwamba wanakuita hivyo hadi leo. Wanasema hakuna aliyechora macho ya sanamu kama wewe, eti sanamu zako zilikuwa zinamfuata mtu kwa macho akitembea.

Mimi sijafika kwenye macho. Mimi nanyoa ndevu. Wewe unajua, lakini acha nikueleze hata hivyo kwa sababu najivunia. Zinki ikisukumwa ndani ya kalibu, kidogo huponyoka pale vipande viwili vya kalibu vinapokutana. Sanamu inatoka na ukingo mwembamba ubavuni, na huo ndio tunauita ndevu. Nakaa kwenye benchi na tupa yangu, nanyoa miguu ya maroboti kutwa nzima. Miguu tu, maana siku hizi mwili ni plastiki. Zinki inawekwa miguuni ili roboti asimame, na kifuani ili mnunuzi akimshika aone ana uzito. Msimamizi wetu anasema mkusanyaji wa kweli haanzi kwa kutazama sanamu. Anaiweka kiganjani kwanza, anaipima kwa mkono, ndipo anafungua macho.

Msimamizi huyo tunamwita Taratibu, kwa sababu ndilo neno lake. Mimi nimeshapewa jina pia. Wananiita Redio, kwa kuwa siongei.

Jambo moja dogo. Jana nilikuwa nafuta vumbi kabatini nikamshusha Mzamiaji wa babu, ile sanamu yake ya zinki. Begani, mkono wa kushoto, niliona unywele. Nikaupuliza, haukutoka. Nikaufuta kwa kitambaa, haukutoka. Bibi, si unywele. Ni ufa. Nifanyeje?

Na ndala zako za buluu umezisahau chini ya kitanda.

Mjukuu wako anayekukumbuka


21 Februari

Mke mwenzangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya tatu nimemsomea mtoto, akalala katikati. Usikasirike, analala katikati ya kila kitu isipokuwa usiku. Shangazi yako anaendelea vizuri, ila amekuwa mkali kama mwalimu wa hesabu. Jana alinifundisha jinsi ya kumbeba mtoto. Mimi! Niliyembeba yeye!

Masikio hayo si yangu, ni ya upande wa baba yake. Mwambie mama yako.

Kikohozi cha vumbi hakidumu zaidi ya wiki. Mpeleke zahanati, na akikataa mwambie nitapanda basi nije nimpeleke mwenyewe. Utaona atakavyopona.

Nimefurahi sana kuhusu kazi. Sasa sikiliza mtu aliyekaa hapo kabla mama yako hajazaliwa. Tupa unaisukuma mbele tu, huirudishi ikiwa imegusa kitu. Ukiirudisha unaiua meno. Funga kitambaa kidole cha shahada. Usile chochote kabla hujanawa mikono. Na yule Taratibu, kama ndiye mwembamba mwenye mwanya, alipoanza kazi alikuwa na haraka kuliko wote. Alifungua kalibu kabla zinki haijapoa, akatoa maroboti yasiyo na magoti. Tangu hapo ndiyo hizo taratibu zake. Usimwambie nimekwambia.

Hizo ndala, kwanza si za chini ya kitanda. Niliziacha nyuma ya mlango. Mtu amezivaa. Muulize mama yako. Zikaushe, uzifunge kwenye gazeti, uzitume na dereva wa basi, kwa sababu ndala za shangazi yako zinanibana na sakafu ya huku ni baridi.

Huku nitakaa kidogo zaidi. Mtoto bado mdogo.

Bibi yako


9 Machi

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Mama amekwenda zahanati. Nilitaja neno basi tu, akavaa viatu. Amepewa dawa na anaendelea vizuri, na ndala anakiri alizivaa, ila anasema zilimwita zenyewe.

Taratibu ndiye huyohuyo mwenye mwanya. Sasa kila akiniambia taratibu natazama magoti yake, nashindwa kujizuia.

Bibi, hukunijibu kuhusu Mzamiaji. Labda ukurasa huo ulikupita, kwa hiyo naandika tena kwa herufi kubwa kidogo. ANA UFA BEGANI. Tena sasa ni zaidi ya mmoja. Kuna mwingine kwenye buti la kulia, na rangi ya kifuani imevimba kama ngozi iliyoungua. Nimeogopa kumshika.

Nilimuuliza Mama Brashi, yule anayekaa kwenye kiti chako cha zamani katika chumba cha rangi. Ilinichukua wiki nzima kumuuliza. Nilikwenda mlangoni, nikarudi. Nilikwenda tena, nikajifanya natafuta ndoo. Mwishoni yeye ndiye aliyesema: "Redio, ndoo haipo, sema shida yako."

Akanieleza kwamba huo ni ugonjwa wa zinki. Zinki ikiwa safi hukaa na kukaa, lakini ikiingiwa na madini ya risasi, hata chembe, inaanza kuoza kwa ndani polepole, miaka na miaka, mpaka sanamu inapasuka yenyewe ikiwa imesimama kabatini bila kuguswa na mtu. Na haina dawa.

Sasa hapa ndipo sielewi. Kwenye kabati la ofisini kuna Wazamiaji wengine wa umri uleule, kutoka kalibu ileile. Nilikwenda kuwatazama wakati wa chai. Wote wazima. Kofia zao za duara zinang'aa, vidirisha vyao vinafunguka na kufungwa, buti zao zinakanyaga. Kwa nini wetu tu? Babu ndiye aliyekuwa fundi wa kuyeyusha. Mama Brashi anasema hakuna aliyelinda chungu cha zinki kama yeye, alikuwa anamfukuza hata mtu aliyekaribia na sarafu mfukoni.

Kuna jingine. Ile mashine ya mkono, ya babu, yenye mpini mrefu na chungu chake kidogo, bado ipo pembeni imefunikwa turubai. Na kalibu ya Mzamiaji iko chini yake. Lakini mwisho wa Aprili lori la chuma chakavu linakuja kuvichukua vyote viwili, kwa sababu pale panawekwa mashine mpya. Baada ya hapo hakuna atakayeweza kutoa Mzamiaji tena, popote.

Ukiniruhusu, nitamwomba Taratibu atutolee mwingine kabla lori halijaja. Mzima, wa zinki safi. Wewe utamchorea tena uso wa babu ndani ya kofia, kama ulivyomchora yule, na ile nyusi moja iliyopanda. Naomba ruhusa yako tu. Kuomba kwenyewe nitajikaza.

Ndala nimemkabidhi dereva wa basi la asubuhi.

Mjukuu wako


30 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba. Samahani nimechelewa kujibu, kalamu ilipotea, ikaonekana ndani ya kiatu cha shangazi yako. Hatumshuku mtu, ila mtoto ameanza kutambaa.

Ndala zimefika. Moja. Ya kushoto. Nenda ukamuulize dereva huyo anadhani nina miguu mingapi. Sasa navaa ya buluu kushoto na ya shangazi yako kulia, natembea kama mashua. Mtoto anacheka kila nikipita, kwa hiyo si hasara yote.

Nimefurahi mama yako ameacha kukohoa. Asiache dawa kwa sababu amepata nafuu, namjua.

Mama Brashi namkumbuka. Alipokuja alikuwa anachora macho yanayotazamana. Nilimwambia achore la kulia kwanza, kisha apumue, kisha achore la kushoto akiwa bado hajavuta pumzi nyingine. Mwambie nimemsalimia, na umuulize kama bado anapumua.

Hilo la Mzamiaji liache. Mfute kwa kitambaa kikavu, umrudishe kabatini.

Mvua huku haijanyesha. Embe hazijawa tamu. Shangazi yako anasema nikae hadi mtoto aote meno, nami sina haraka.

Bibi yako


11 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Wote wazima, mama anakusalimia, paa linavuja.

Mkono umetoka.

Sikumwangusha, Bibi. Sikumgusa hata. Nilikuwa nakula mezani, nikasikia kitu kidogo kikidondoka, tik, kama kifungo. Nikainuka. Mkono wake wa kushoto umelala kabatini mbele ya buti zake, na yeye amesimama vilevile, kana kwamba ameuweka chini kidogo apumzike. Ndani ya bega ni kijivu, punjepunje, kama mkate mkavu. Nimeuweka mkono ndani ya kisanduku cha kiberiti pamoja na pamba.

Nililia. Mama akasema ni sanamu tu. Kisha na yeye akalia, halafu akanikasirikia kwa kumliza.

Mimi babu simkumbuki vizuri. Nakumbuka harufu ya moshi kwenye shati na kwamba aliniinua nifungue kile kidirisha cha kofia. Ndani nilikuta uso wake mwenyewe unanitazama, mdogo kama punje ya mahindi. Nikageuka kumtazama yeye, kisha ule mdogo, kisha yeye. Aliinua nyusi. Hicho ndicho nilicho nacho. Ufa mwingine sasa unapanda shingoni kuelekea kwenye kofia.

Lori linakuja siku ya mwisho ya mwezi. Nimejizoeza sentensi ya kumwambia Taratibu. Naisema njiani, naisema nikinawa. Lakini sitaisema bila ruhusa yako, kwa sababu Mzamiaji ni wako.

Kwa hiyo naomba unijibu hili moja tu. Ndiyo au hapana. Tafadhali Bibi, usiniambie habari za ndala.

Mjukuu wako


22 Aprili

Mjukuu wangu,

Marahaba.

Haya. Leo sitaji ndala.

Mtoto amelala, shangazi yako ametoka, na mimi nimekaa jikoni, mlango umefungwa. Nilikuwa sikujibu kwa sababu nilidhani nisipolisema halitasogea. Kumbe linasogea.

Pale kiwandani tulikuwa na kitu chetu. Mtu akiondoka kazini, hatukumpa saa wala kikombe. Tulimtolea sanamu ya kuagwa, kwenye ile mashine ya mkono, chungu kile kidogo. Chungu kikubwa kilikuwa cha wateja, hakuna aliyekitania. Lakini chungu kidogo siku hiyo kilikuwa chetu, na kila mmoja alitupia kitu chake kidogo cha chuma. Kifungo, pini, ufunguo usio na kufuli. Vingi haviyeyuki, vinabaki vizima, vinachotwa pamoja na takataka. Lakini tulijisikia vizuri, kwamba mwenzetu anaondoka na sisi ndani.

Siku ya babu yako tulijipanga foleni. Mlinzi akatupa kifungo. Mimi nikatupa pini ya nywele. Akaja dereva wa lori, mtu mnene, mpole, anampenda babu yako kama ndugu. Akatoa mfukoni kile kipande kinachobanwa kwenye ukingo wa gurudumu ili tairi lisitikisike. Akakitupa. Hicho, mjukuu wangu, kilikuwa risasi tupu. Na risasi haibaki nzima. Iliyeyuka palepale kama siagi.

Tukatazamana. Mahali pengine popote wangepiga makofi, lakini sisi wote tulijua. Dereva peke yake hakujua, amesimama anatabasamu. Babu yako akachungulia chungu, akamtazama, akasema, "Wewe bwana, umeniua." Tukataka kumwaga tuanze upya. Akakataa. "Mwache. Kwani mimi mwenyewe nitakaa milele? Vuteni huo mpini." Wakavuta. Akatoka Mzamiaji mzuri kuliko wote, nami nikamchora uso usiku huohuo.

Kwa hiyo mimi nimekuwa nikiungoja ufa huo. Kila wiki nikifuta vumbi natazama bega, natazama shingo. Babu yako alipoondoka duniani nilikuwa nimetoka kidogo kununua chumvi. Dukani tu. Nikarudi, hayupo. Na sasa nimetoka kidogo kuja kumwona mtoto, na huyu naye amengoja nigeuke mgongo. Tabia yake ileile! Ndiyo maana sikukujibu, na ndiyo maana nimekuwa nikisema mtoto bado mdogo. Sikutaka kurudi nikakuta kabati tupu.

Umeniomba ndiyo au hapana. Ni hapana. Huyo wa zinki safi atakuwa mzuri, atadumu, na hatakuwa na mtu yeyote ndani. Sitaki babu wa pili. Huyo niliyekuwa naye alinitosha, wakati mwingine alinizidi.

Usiulilie ule mkono. Na kisanduku cha kiberiti ni wazo zuri.

Bibi yako


8 Mei

Bibi mpendwa,

Shikamoo wewe, shikamoo shangazi, na mtoto mwambie nimesikia habari za kutambaa kwake na nitaficha kalamu zangu akija.

Barua yako ilifika siku moja kabla ya lori. Niliisoma njiani nikienda kazini, nikagonga nguzo. Usijali, nguzo haikuumia.

Ulisema hapana, nami nilikubali. Nataka ulijue hilo kabla hujaendelea kusoma. Lakini kutwa nzima nikinyoa ndevu kitu kilikuwa kinanisumbua, na wakati wa chai nilikwenda kwa Mama Brashi moja kwa moja, bila ndoo. Nikamuuliza: "Bibi alipoondoka kazini, mlimtolea nini?"

Akaacha kupuliza chai. "Bibi yako? Alistaafu kimyakimya. Babu yako alikuwa ameshafariki, ile mashine hakuna aliyetaka kuigusa. Tulimpa shuka." Kisha akasema taratibu, kama mtu anayesikia maneno yake mwenyewe, "Jamani, tulimpa shuka."

Basi nikaondoka hapo kwenda kwa Taratibu. Alikuwa amesimama karibu na mashine kubwa, na kelele za pale unazijua. Sentensi yangu niliyojizoeza ilikuwa ya adabu, ndefu, ina "kama itawezekana" mara mbili. Nikaisema. Hakusikia. Nikaisema tena. Akaweka mkono sikioni. Nikavuta pumzi nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, na sekunde hiyohiyo, Bibi, mtu akazima mashine.

"MTOLEENI BIBI YANGU MZAMIAJI!"

Kiwanda kizima kilisikia. Nadhani na lori lilisikia huko lilikokuwa. Nilitaka sakafu ifunguke. Kisha sauti kutoka kwenye mabenchi ikasema, "Ala! Redio imewaka!" Wakacheka wote, na Taratibu akacheka mpaka mwanya wote ukaonekana. Akasema, "Taratibu, binti, tumesikia. Nani analeta moto?"

Walitoa turubai. Mama Brashi akapaka grisi mpini. Kulikuwa na kiota cha panya ndani ya kiti cha mashine, tukakihamishia kwenye boksi la maroboti. Zinki ikayeyuka kwenye kile chungu kidogo, ikang'aa kama kioo. Na watu wakajipanga foleni, Bibi, bila kuambiwa. Hata vijana wa idara ya plastiki ambao hawakujui. Mlinzi akaacha geti wazi akaja na kifungo, anasema ni cha koti lilelile. Mama Brashi akatupa bati la brashi yake ya kwanza, ile uliyompa wewe. Taratibu akatupa skrubu ya goti.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Nikatoa kisanduku cha kiberiti.

Taratibu akaona. Akanishika mkono. "Taratibu. Huo una risasi."

"Najua."

"Ukiuweka humo, huyu naye atapasuka."

"Najua."

"Si leo wala kesho. Lakini atapasuka tu."

"Bibi amesema hataki asiye na mtu ndani," nikasema. Na nikashangaa kwamba nimeongea sentensi tatu mfululizo mbele za watu.

Akaniachia. Nikauweka. Ulielea kidogo juu ya zinki, vidole vimetazama juu, kisha ukalainika ukaingia. Nikavuta mpini mwenyewe. Ni mzito! Babu alikuwa na mabega gani?

Wa kwanza alitoka bila kofia, kwa sababu kalibu ilikuwa baridi. Tukamrudisha chunguni. Wa pili hakuwa na buti. Wa tatu alianguka kwenye trei akiwa kamili, kijivu, ana ndevu pande zote, na nikamnyoa kwa tupa yangu, kusukuma mbele tu. Alipopoa nilimweka kiganjani nikafumba macho. Alikuwa baridi kwanza. Kisha akaanza kupata joto la mkono wangu, polepole, kama wanavyofanya wa zinki na wasivyofanya wa plastiki. Asubuhi yake lori lilikuja likabeba mashine.

Sasa uso. Ulisema hutaki babu wa pili, na sikukuletea babu wa pili. Nilimwomba Mama Brashi aniazime kiti chako. Nikachora jicho la kulia, nikapumua, nikachora la kushoto. Nikaweka ile mikunjo miwili ya mdomo unayoweka mtu akikuambia uongo kuhusu ndala. Masikio nayo niliyaweka, hayakutosha vizuri ndani ya kofia. Bibi, ni wewe. Mama alipofungua kidirisha alisema "Shikamoo" kabla hajajizuia.

Nimewaweka kabatini pamoja. Babu bado amesimama, ufa umefika shingoni lakini kofia ingali mahali pake. Wewe uko upande wake wa kushoto, pale mkono ulipokuwa. Na mkono wenyewe uko ndani yako, sijui ni sehemu gani, labda magoti.

Taratibu anasema utaanza kupasuka nikiwa na umri wako. Nimeshafikiria nitakavyofanya. Mjukuu wangu ataniandikia barua ya wasiwasi, ataniuliza nifanyeje, nifanyeje. Nami nitamjibu kuhusu ndala.

Mjukuu wako, Redio


19 Mei

Mke mwenzangu,

Marahaba. Barua yako nimemsomea mtoto, na safari hii hakulala. Mimi ndiye niliyeshindwa kuendelea, ikabidi shangazi yako aje amalizie. Alipofika kwenye masikio alicheka sana, sijampenda.

Walimpa mama wa macho shuka! Mwambie Mama Brashi lile shuka lilichanika mwaka uleule.

Nimesema hapana na wewe ukafanya. Tena ukafanya bila kunivunjia neno. Hilo ulilipata wapi, sijui. Kwangu halikutoka, mimi ni mtu mnyoofu.

Kuhusu hiyo mikunjo miwili ya mdomo, nitaiangalia kwa karibu kabla sijasema lolote. Na nataka kujua ulipumua wapi.

Ile ndala ya kulia, kama dereva ameirudisha, usiitume. Iweke nyuma ya mlango, palepale. Mtoto amekwisha kuota jino moja, linatosha.

Nakuja kuivaa.

Bibi yako